Kumaliza shule si kufaulu: Tuyajue masharti ya cheti kabla ya pilau la mahafali

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu

KILA mwaka ifikapo Septemba na Oktoba, mialiko ya mahafali ya kidato cha nne huwa mingi. Kadi huchapishwa, michango hupitishwa, wazazi hununua nguo mpya. Katika shule nyingi wanafunzi wa Kiislamu hufanya mahafali yao wenyewe, ambapo husomwa Qur'an, huimbwa qasida, husomwa risala mbele ya mgeni rasmi, kisha hupakuliwa pilau. Ni jambo jema. Kushukuru neema ni katika dini yetu, na kijana aliyevumilia miaka minne ya kutembea kwa miguu au kugombania daladala anastahili kuombewa dua.

Lakini lipo jambo ambalo katika mahafali haya halisemwi waziwazi. Siku pilau linapoliwa, mtihani bado haujafanyika! Mtihani wa Taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba na matokeo hutoka mwaka unaofuata. Hati anayopewa kijana na mkuu wa shule inasema tu kwamba fulani alisoma hapa hadi kidato cha nne na tabia yake ilikuwa kadha wa kadha. Kinachofungua mlango wa kidato cha tano, chuo au ajira ni cheti cha Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na hata hicho hakifungui mlango kwa kuwepo kwake tu. Kinafungua kwa yale yaliyoandikwa ndani yake.

Kwa hiyo tuna mambo matatu yaliyo mbalimbali. Kumaliza shule ni jambo moja. Kufaulu mtihani ni jambo la pili. Kutimiza masharti ya hatua inayofuata ni jambo la tatu. Waislamu wengi, wazazi kwa watoto, tunayachanganya haya matatu, na gharama ya kuyachanganya tunailipa Januari, wakati machozi hayasaidii tena.

Masharti si uadui

Wapo miongoni mwetu wanaolichukia neno "masharti". Akiambiwa mtoto wake amekosa sifa, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba ameonewa. Dhulma ipo duniani, hilo halikatai mtu. Lakini tusifanye kila sharti kuwa dhulma, kwa sababu dini yetu yenyewe imejengwa juu ya masharti. Swala ina sharti zake. Asiye na udhu akaswali rakaa mia, hakuswali. Hija ina sharti zake. Aliyekosa kusimama Arafa hana Hija, hata kama ametumia mamilioni kwa nauli.

Na katika kazi za watu, Qur'an inatufundisha kwamba mtu hupewa jukumu kwa sifa, hapewi kwa kupendwa. Wana wa Israil walipolalamika kwa nini Talut amefanywa mfalme wao na hali hana mali, walijibiwa na Nabii wao kwamba Allah (s.w.) amemzidishia elimu na nguvu za mwili (2:247). Binti wa yule mzee wa Madyan alipomshauri baba yake amwajiri Musa (a.s.), alitaja sifa mbili: nguvu na uaminifu (28:26). Na Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina za nchi ya Misri, hakuomba kwa kutaja ukoo wake mtukufu wa Manabii. Alisema yeye ni mlinzi na ni mjuzi (12:55).

Tazama, ndugu msomaji. Mtoto wa Nabii, mjukuu wa Nabii, kitukuu cha Nabii, anapoomba kazi anataja sifa za kazi. Sisi tunataka mtoto apokelewe chuoni kwa sababu baba yake ni mjumbe wa kamati ya msikiti!

Masharti yenyewe ni yapi?

Sasa tuyataje, maana haifai kuwahimiza watu watimize jambo wasilolijua.

Kwa mfumo wa madaraja unaotumika, matokeo ya kidato cha nne hupangwa kwa masomo saba ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, D pointi 4 na F pointi 5. Mwenye jumla ya pointi 7 hadi 17 yuko Daraja la Kwanza, 18 hadi 21 la Pili, 22 hadi 25 la Tatu, 26 hadi 33 la Nne. Aliyebaki na 34 au 35 amepata sifuri. Hapa pointi zikiwa chache ndiyo heri. Wapo wazazi wanaofurahi kusikia mtoto amepata pointi 32 wakidhani ni nyingi.

Ili kuchaguliwa kidato cha tano katika shule za Serikali, sharti la msingi limekuwa ni kufaulu kwa alama A, B au C masomo yasiyopungua matatu, na jumla ya pointi isizidi 25. Kisha masomo hayo lazima yaendane na tahasusi, yaani mchepuo, anaoutaka. Mwenye C ya Historia hawezi kuomba mchepuo wa Fizikia.

Kwa vyuo vya kati, vinavyosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET), sharti la kawaida la kuanzia ngazi ya astashahada kwa aliyemaliza kidato cha nne ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, japo kwa alama D. Kozi za afya kama uuguzi na utabibu huongeza sharti lake: Kemia na Baiolojia lazima ziwemo. Aliyemaliza kidato cha sita naye, ili aanze stashahada moja kwa moja, kwa kawaida hutakiwa awe na ufaulu kamili wa somo moja na ufaulu wa ngazi ya chini wa jingine. Na kwa chuo kikuu, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kimekuwa ni ufaulu kamili wa masomo mawili yenye jumla ya pointi nne, ambapo kule A ni 5 na E ni 1. Hata Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, kilichoanza mwaka 2005 na ambacho tunajivunia, kiko chini ya Tume hiyohiyo. Hakiwezi kumpokea kijana wetu kwa kutoa salamu tu.

Lakini katika masharti haya ya kidato cha tano na ya vyuo vya kati limo neno moja ambalo sijalitaja bado, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa miaka mingi masharti hayo yamesema kwamba masomo hayo matatu, au hayo manne, yawe yasiyokuwa ya dini.

Somo la dini lisipohesabiwa

Tuchukue mfano. Kijana amepata Maarifa ya Uislamu B, Kiswahili C, Uraia D na Historia D. Yaliyobaki yote F. Baba yake anahesabu vidole: moja, mbili, tatu, nne. Amefaulu masomo manne, basi anakwenda chuo. Anachukua fomu, analipa ada ya maombi, anangoja. Jina halitoki. Akiuliza, anaambiwa masomo yanayohesabiwa ni matatu tu, kwa kuwa lile la kwanza ni la dini. Amekosa chuo kwa somo moja. Na pengine D moja tu ya Jiografia ingemtosha.

Hapa ndipo yanapoanza maneno mawili, na yote mawili nayasikia darasani na nje ya darasa.

La kwanza ni la mwanafunzi, na mara nyingi la mzazi wake: "Kama halihesabiwi, la nini? Bora aliache asome Hisabati." La pili ni la baadhi ya ndugu zetu katika dini: "Elimu ni elimu ya dini tu. Hizo nyingine ni za kidunia, na riziki anayo Allah." Maneno haya mawili yanaonekana yanapingana, lakini baba yao ni mmoja. Yote yanadhani kwamba Muislamu lazima achague moja, amshike Mola wake aiache dunia yake, au ashike cheti amwache Mola wake.

Tuanze na hili la pili. Mwenye kulisema hamfahamu vizuri Zayd bin Thabit (r.a.). Zayd alikuwa mtoto wa takriban miaka 11 Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina. Alikwishahifadhi sura kadhaa za Qur'an, na baadaye akawa miongoni mwa waandishi wa wahyi. Kama kuna mtu angeweza kusema "inanitosha elimu ya dini", ni huyu. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili Waislamu wawe na mtu wao wa kusoma na kuandika barua. Zayd mwenyewe amesimulia, kama ilivyo katika Tirmidhi, kwamba aliyamudu katika muda wa nusu mwezi.

Kwa lugha ya leo, Zayd alipangiwa somo lisilokuwa la dini na mwalimu mkubwa kuliko walimu wote, naye akalifaulu kwa siku 15. Sisi tuna miaka minne.

Na haikuishia hapo. Alipokuja Abubakar (r.a.) akataka Qur'an ikusanywe baada ya mahafidhi wengi kuuawa katika vita vya Yamama, alimchagua Zayd na akamtajia sababu zake: yeye ni kijana, ana akili, hatuhumiwi, na alikuwa akimwandikia Mtume (s.a.w.) wahyi. Haya yamo katika Bukhari. Nayo ni masharti ya kazi, yametajwa moja baada ya jingine, kwa kazi tukufu kuliko zote alizopewa binadamu baada ya Mitume. Umri, uwezo wa akili, uaminifu na uzoefu.

Imam Ghazali (r.h.) naye katika Ihyaa amezihesabu tiba na hesabu kuwa ni katika faradhi za kutoshelezana. Akilalamika kuhusu zama zake, alisema watu wanarundikana kusoma fiqhi na mabishano yake huku miji inakosa tabibu Muislamu. Aliyasema hayo zaidi ya miaka 900 iliyopita. Leo mke wa nani hajaingia wodi ya wazazi akatamani ahudumiwe na muuguzi Muislamu mwanamke? Muuguzi huyo hashuki kutoka mbinguni. Anatoka kidato cha nne akiwa na ufaulu wa Kemia na Baiolojia. Binti yako akizifeli, usilaumu hospitali.

Sasa turudi kwa yule wa kwanza, anayesema "halihesabiwi, aliache". Huyu nataka nimuulize maswali machache. Je, swala tano zinahesabiwa chuoni? Kumtii mama kunaingia katika pointi zipi? Ukweli wa ulimi ni Daraja la ngapi? Kama mtoto akifundishwa kwamba kisichohesabiwa na Baraza la Mitihani hakina thamani, usishangae akifika miaka 25 akikuhesabu na wewe mzazi katika visivyo na thamani.

Tena katika hesabu ya muda tu, dai hili halisimami. Vipindi vya dini kwa wiki ni vichache. Anayefeli Hisabati hafelishwi na vipindi hivyo. Amefelishwa na kutofanya mazoezi, na kukosa mwalimu, na msingi mbovu wa tangu darasa la tatu, na usiku wa kuangalia mpira. Ni wengi wanaofeli Hisabati kila mwaka ambao hawajawahi kuligusa somo la dini.

Na pia hali si ileile katika kila jambo. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya za kidato cha tano, na miongoni mwake zimo ambazo Maarifa ya Uislamu ni somo mojawapo la mchepuo, pamoja na masomo kama Historia, Jiografia au Kiarabu. Mwenye hoja kwamba somo hili lipewe uzito zaidi na katika masharti mengine, ana haki ya kuitoa kwa adabu na kwa njia zake, kupitia taasisi zetu na wawakilishi wetu. Lakini hoja ni kazi ya wakubwa. Mtoto wa kidato cha tatu hawezi kusubiri hoja imalizike. Yeye mtihani wake una tarehe.

Msimamo sahihi, kwa hiyo, ni huu. Somo la Maarifa ya Uislamu lisomwe, na lisomwe kwa bidii, kwa sababu linamjenga mtu atakayekibeba hicho cheti. Lisiwe somo la kujazia hesabu. Na masomo yanayotakiwa na sharti yasomwe kwa bidii hiyohiyo, kwa nia ya kuutumikia umma na kulisha familia kwa halali, na kwa nia hiyo yanaingia katika ibada. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali ni kwa nia. Anayekesha na Kemia ili awatibu waja wa Allah, kesha lake halipotei.

Cheti ni ushahidi

Lipo jambo la kuogopesha zaidi kuliko kufeli. Nalo ni kufaulu kwa haramu.

Cheti ni nini? Ni ushahidi wa maandishi. Anayekitoa anashuhudia mbele ya watu wote kwamba fulani bin fulani alipimwa na akajua jambo hili kwa kiwango hiki. Wanazuoni wetu walilijua hili zamani kwa jina la ijaza. Mwanafunzi alimsomea shekhe kitabu mwanzo hadi mwisho, na shekhe akiridhika alimwandikia kwamba ameruhusiwa kukifundisha na kukipokeza. Shekhe hakuandika ijaza kwa asiyesoma, kwani angekuwa amesema uongo juu ya elimu.

Kwa hiyo mwenye kuingia na majibu katika chumba cha mtihani, au mwenye kununua mtihani, au mwenye kumfanyia mwingine, amekwenda mbali zaidi ya kuvunja kanuni za NECTA. Ametengeneza ushahidi wa uongo. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alipokuwa akiyataja madhambi makubwa kuliko yote alikuwa ameegemea. Alipofika kwenye ushahidi wa uongo aliinuka akakaa, akawa analirudiarudia jambo hilo mpaka Maswahaba wakatamani lau angenyamaza. Na siku alipopita sokoni akaingiza mkono katika rundo la nafaka, vidole vikakuta umaji chini wakati juu ni kukavu, alimwambia mwenye mali kwamba mwenye kughushi si katika sisi, kama ilivyo katika Muslim. Cheti cha wizi ni rundo lile lile. Juu kimekauka na kina muhuri. Ndani kimelowa.

Na hata hapa duniani hakidumu. Watu wanakumbuka Aprili 2017, pale ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ilipokabidhiwa kwa Rais Magufuli kule Dodoma, na ikataja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Wote wakatakiwa waondoke kazini. Miongoni mwao walikuwemo watu waliofanya kazi miaka mingi, wana nyumba, wana watoto shule. Ilikuwa 2022 ndipo Serikali ilipokubali warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii. Miaka yote ile ya jasho iliishia hapo, kwa sababu ya karatasi moja ya mwanzo. Wengi wao yamkini walifeli somo moja au mawili tu, na wangerudia mtihani wangefaulu!

Hili ni muhimu vijana walisikie. Mlango wa kurudia upo, na ni wa halali. Aliyefeli anaweza kurudia masomo yake akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeishia njiani bila kufika kidato cha nne anaweza kuanza na Mtihani wa Maarifa, maarufu kwa jina la QT, akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne. Na tangu mwishoni mwa 2021 Serikali imefungua njia kwa waliokatiza masomo, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito, kurejea shuleni. Allah (s.w.) ameacha mlango wa toba wazi kwa aliyekosa, sisi ni nani tumfungie binti wa watu mlango wa elimu? Aliyeanguka tumshike mkono, tusimhesabu katika waliopotea.

Tufanye nini, na nani afanye?

Maneno matupu hayamjengi mtoto. Napendekeza mambo haya, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka Uarabuni.

Kwanza, mzazi ajue masharti mtoto akiwa kidato cha kwanza, asingoje kidato cha nne. Mwishoni mwa kidato cha pili kuna Upimaji wa Kitaifa, na asiyefikia kiwango hukwama hapo. Kisha kidato cha tatu huja uamuzi wa masomo ya sayansi au ya sanaa. Mtoto akiacha Fizikia na Kemia siku hiyo, milango ya kozi za afya na uhandisi imefungwa siku hiyohiyo, na pengine nyumbani hakuna aliyejua. Mzazi asiyesoma si udhuru. Amuulize mwalimu, amuulize jirani, aulize msikitini. Allah (s.w.) ametuamrisha tuwaulize wenye kujua ikiwa hatujui (16:43).

Pili, masharti hubadilika, hivyo yasomwe upya kila mwaka. Matokeo ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaacha watahiniwa zaidi ya 240,000 na sifuri. Serikali ikaunda tume, na Mei mwaka huo yakafutwa na kupangwa upya. Mtihani wa 2014 ukatolewa matokeo kwa mfumo wa GPA, na ule wa 2015 ukarejea kwenye madaraja. Anayemshauri mwanawe kwa masharti aliyoyasikia miaka 10 iliyopita anampoteza. NACTVET na TCU hutoa miongozo ya udahili. Kila msikiti wenye kijana mmoja mwenye simu ya intaneti unaweza kuipata na kuibandika ubaoni, pembeni ya ratiba ya swala.

Tatu, majina. Hili linaonekana dogo lakini limewatesa vijana wetu wengi kuliko wa wenzetu, kwa sababu majina yetu yana maandishi mengi. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha darasa la saba Muhammad, cha kidato cha nne Mohammed. Huyu ni Hadija, kule ni Khadija. Shekhe anajua ni jina moja. Ofisi haijui. Kijana anapelekwa huku na huko akitafuta hati ya kiapo wakati nafasi inampita. Wakati wa usajili wa mtihani mzazi akae na mtoto wake, wafungue cheti cha kuzaliwa, na herufi zifanane moja kwa moja. Dini iliyotuamrisha kuandika deni, na ikaweka mashahidi na mwandishi muadilifu katika aya iliyo ndefu kuliko zote za Qur'an (2:282), haiwezi kuwa na watu wasiojali maandishi.

Nne, misikiti ifunguliwe baada ya Isha kwa ajili ya masomo ya ziada. Tunao walimu wa Hisabati wanaoswali safu ya pili. Tunao wanafunzi wa chuo wanaorudi likizo. Imesimuliwa katika Sira kwamba miongoni mwa mateka wa Badr, aliyekosa fidia alipewa nafasi ya kuwafundisha watoto kumi wa Ansari kusoma na kuandika, na hiyo ikawa fidia yake. Wale walikuwa washirikina waliokuja kwa upanga, na Mtume (s.a.w.) hakuona haya kuichukua elimu yao. Je, sisi tunashindwa kumwomba mwalimu Muislamu, aliyekwisha kuwemo msikitini, atupe saa moja mara mbili kwa wiki?

Tano, mahafali. Sisemi yafutwe. Nasema sehemu ya fedha za kadi, mapambo na maturubai itengwe kwa vitabu vya mitihani iliyopita na kwa vijana wanaotaka kurudia. Ada ya shule za Serikali imeondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu Januari 2016, na kwa kidato cha tano na sita tangu 2022. Kisingizio kikubwa cha zamani kimepungua. Na katika mahafali hayo mgeni rasmi, badala ya kusifu tu, asome masharti ya kidato cha tano na ya vyuo mbele ya wazazi, polepole, kwa Kiswahili, mpaka bibi wa nyuma kabisa afahamu.

Mwisho, walimu wenzangu wa Maarifa ya Uislamu. Sisi tunafundisha somo ambalo katika baadhi ya milango halihesabiwi. Tusilie kwa hilo. Wanafunzi wetu wajulikane kwa jambo moja: kwamba hawaibi mtihani, na kwamba wanajua kwa nini wanaisoma Hisabati. Mwalimu wa dini akiwa ndiye wa kwanza kumuuliza mwanafunzi "Kemia unaendeleaje?", mwanafunzi huyo ataelewa kuwa Uislamu haumwachi mlangoni mwa maabara.

Ndugu zangu Waislamu, kila mmoja wetu anao mtihani mwingine ambao masharti yake yametangazwa tangu zamani, na hauna kurudia. Siku ile kila mtu atapewa kitabu chake. Atakayepewa kwa mkono wa kulia, Qur'an inasema atawaita watu waje wamsomee (69:19), kwa furaha, kama kijana aliyeona jina lake kwenye orodha. Tuwazoeshe watoto wetu kujua masharti mapema, kuyatimiza kwa haki, na kuona haya kupata wasichostahili. Aliyezoea hivyo katika mtihani mdogo, tunamtarajia heri katika ule mkubwa.

Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu walio katika maandalizi ya mitihani, awape ufahamu na utulivu, awaepushe na udanganyifu, na awajaalie elimu yenye manufaa hapa duniani na kesho Akhera. Aamin.

Wabillahi tawfiq.